Anayepokea naye hutoa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mvua zimekolea huku Iringa, na kandokando ya barabara akina mama wamepanga sado za uyoga wa msituni, ule wa manjano kama kiini cha yai la kienyeji. Jumatano nilinunua sado moja. Nikiuosha, nikakuta shina moja limeng'oka na udongo wake, na ndani ya udongo mna nyuzi nyeupe, laini kama utando wa buibui. Nyuzi hizo ndizo kuvu yenyewe; tunachokula ni tunda lake la siku chache tu. Kuvu haina uwezo wa kujipikia chakula kwa jua kama jani. Hukumbatia mizizi ya miombo, mti ukaipa sukari, nayo ikauletea mti maji na madini kutoka mahali mzizi usipofika.

Misindano ilipoletwa Afrika Mashariki, miche ilidumaa hadi ilipochanganyiwa udongo wenye kuvu yake. Hebu fikirini: mti mrefu vile ukimngoja ombaomba wa chini ya ardhi!

Sasa pandeni jiwe la Gangilonga, ule mwamba mkubwa wa hapa Iringa. Yale mabaka ya kijivu yaliyoshikamana na mwamba ni kuvumwani. Hapo kuvu haina mti wala udongo. Imeukaribisha mwani mdogo, usioonekana kwa macho, ukae ndani yake. Mwani hupika, kuvu huwa nyumba: hushika unyevu, hukinga jua kali. Mabaka kama hayo mengi hayafikishi hata milimita mbili kwa mwaka, kwa hiyo lenye upana wa kiganja limeanza zamani sana. Uyoga una msimu wake na wateja wake. Baka hili hakuna anayesimama kulitazama.

“Mchukuliane mizigo,” anaandika Paulo (Wagalatia 6:2). Hakuwagawa Wagalatia mafungu mawili, wabebaji na wabebwaji. Sisi tumegawa. Katika jumuiya yetu yuko bibi tunayempelekea unga kila mwezi. Tunaufikisha, tunaomba kwa haraka, tunaaga. Mwezi uliopita alinishika mkono akaniuliza hali ya mgonjwa mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu, kwa majina. Wote anawaombea alfajiri. Wawili kati yao mimi nilikuwa nimeshawasahau.

Jumamosi ni zamu yangu ya unga. Nitakwenda mapema, nikae, na safari hii nitamwomba bibi ndiye atuongoze katika sala.