Wewe unaonaje, Dakta?

Daktari wa familia hapa Kenya akihitimu, mara nyingi anapangiwa hospitali ya kaunti ndogo. Akifika anawakuta maafisa wa kliniki, wauguzi, madaktari wanagenzi na wanafunzi wa KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, wote wakimtazamia yeye. Wagonjwa wengi hatawagusa kabisa. Watatibiwa na hao. Ndiyo maana nashikilia kwamba kusimamia wenzake afundishwe angali masomoni, tena mbele ya mgonjwa.

Juzi nilikaa pembeni kwenye kliniki ya watoto, nikamwachia usimamizi daktari wetu aliye mwaka wa tatu wa kusomea udaktari wa familia. Afisa wa kliniki aliyekuwa zamu amefanya kazi hii miaka mingi kumliko. Akaeleza: mtoto wa miezi 14, kikohozi siku tatu, homa, anapumua mara 46 kwa dakika. Nikaona mkono wa daktari ukilifuata faili. Kisha akaurudisha, akamuuliza afisa, "Wewe unaonaje, Dakta?"

"Nimonia. Kwa umri huu, kuanzia 40 ni kupumua haraka."

"Na mbona humlazi?"

Afisa akataja sababu: ananyonya, hatapiki kila anachopewa, hajapata degedege, kifua hakibonyei, yuko macho. Wakahesabu tena pumzi, mtoto akiwa ametulia mapajani mwa mama, mwanafunzi ameshika saa dakika nzima. Daktari akamsifu mwenzake kwa kuhesabu kabla ya kumwekea mtoto stetoskopu, maana akishalia hesabu haina faida. Palikuwa na pengo moja: mama hakuwa ameambiwa ni dalili gani zimrudishe upesi. Hilo daktari alimwambia afisa kando, kwa sauti ya chini, na afisa mwenyewe akarudi kumweleza mama. Nilifurahi mno. Mtu mzima hakosolewi mbele ya mgonjwa wake.

Neher na wenzake, walimu wa udaktari wa familia Marekani, waliandika hatua hizi za kufundishia kliniki mwaka 1992: mwache aseme uamuzi wake, muulize sababu, mfundishe kanuni moja, taja alichopatia, rekebisha alichokosea. Ya kwanza ndiyo inayowashinda wanafunzi wangu. Miaka yote mitihani imewazawadia kwa kujibu haraka, sasa nawataka wanyamaze wakati jibu wanalo.

Daftari lao la mafunzo lina safu ya operesheni za uzazi walizofanya. Kuhusu kuwasimamia wengine, halina hata mstari. Nimeomba ukurasa uongezwe, na anayesimamiwa ndiye aujaze.