Alama ya kutoa na makato ya korosho

Mtwara, Jumapili usiku.

Leo kichwani mwangu kimekaa kialama kimoja tu: cha kutoa.

Chukua hesabu anayoipiga kila mkulima wa korosho huku kwetu baada ya mnada: bei ya kilo, toa kato hili, toa na lile. Tuseme 3000 - 200 - 50. Jibu ni 2750, mtoto wa darasa la nne analijua. Sasa jaribu kuifundisha lugha ya programu uliyoitunga mwenyewe.

Kukata maandishi vipande ni kazi nyepesi. Tarakimu zilizofuatana zinakuwa namba moja, kila alama inasimama peke yake, nafasi zinatupwa. Vinatoka vipande vitano, basi.

Shughuli iko kwenye kuvipanga viwe mti, yaani mpangilio wa matawi unaoonyesha hesabu ipi ifanywe kwanza. Wengi huanza na kanuni hii: hesabu ni namba, kisha alama, kisha hesabu nyingine. Kwenye 3000 - 200 inajibu sawasawa. Ongeza kato la pili, inakupa 2850! Ile "hesabu nyingine" imeshameza 200 - 50 yote, ikapata 150, na hiyo ndiyo iliyotolewa. Mkulima kaongezewa shilingi 100 kwa kila kilo (yeye hatalalamika), na kompyuta haijaonyesha kosa lolote.

Ukiigeuza kanuni, hesabu ikatangulia, mambo yanaharibika zaidi: funksheni (kile kijisehemu cha programu kinachotekeleza kanuni) inajiita kabla haijala kipande hata kimoja, inajiita tena na tena mpaka nafasi ya miito inakwisha. Lugha ya programu ya Python kwa kawaida hukatiza ikifika miito 1000 hivi.

Dawa ni mzunguko. Soma namba, ishike mkononi. Maadamu kinachofuata ni alama ya kujumlisha au kutoa, imeze, soma namba nyingine, zifunge pamoja ziwe tawi moja. Sasa tawi hilo ndilo liko mkononi. Kuzidisha kupewe funksheni yake, iitwe pale ulipokuwa ukisoma namba, ndipo 2 + 3 * 4 itoe 14, si 20.

Ila si kila 2850 ni kosa. APL, lugha ya programu ya Kenneth Iverson, hukokotoa kuanzia kulia, tena kwa makusudi: alama zake ni nyingi mno kupangiwa vyeo vya ipi itangulie. Kwenye vipeo ndiko lugha zinakogombana: 2 ** 3 ** 2 kwa Python ni 512, lakini 2^3^2 kwa Excel ni 64. Kwangu mimi, Excel ndiyo iliyopotoka.

Yamebaki mabano. Funksheni ya namba ikiona bano linalofungua, iite ile ya juu kabisa (ya kujumlisha na kutoa), kisha idai bano la kufunga. Usipoiambia idai, (2 + 3 itapita kimya kimya na kujibu 5.