Theluthi ya kura, karibu theluthi mbili ya viti: uchaguzi wa Uingereza nikiwa Manchester

Watu wa nyumbani huwa hawaamini nikiwaambia mimi Mkenya, na pasi ya Kenya mfukoni, napiga kura ya kuchagua bunge la Uingereza. Lakini ndiyo sheria yao, ukitoka nchi ya Jumuiya ya Madola na una kibali cha kukaa hapa unajiandikisha tu, uwe Mkenya, Mtanzania, Mganda ama Mnyarwanda, hata mwanafunzi aliyeshuka juzi. Kuna Mpolandi kazini kwetu amekaa hapa kuliko mimi, yeye anapiga ya kansela wa mtaa, ya bunge hana. Kila uchaguzi analalamika na mimi simlaumu.

Sasa ile ya tarehe 4 Julai 2024. Ilikuwa Alhamisi, siku ya kazi kama kawaida, hakuna cha holidei. Vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi mpaka saa nne usiku, unaonyesha kitambulisho (huku England ndio ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza kuitisha kitambulisho, na pasi yetu wanaikubali), unapewa karatasi moja, unatia alama kwa penseli, kwisha. Wino kidoleni hakuna, foleni ya kuanzia saa tisa usiku hakuna, askari mwenye bunduki hakuna. Nilikuta makarani wamekaa tu wanapiga stori, nikaona kama nimewakatizia.

Nchi nzima waliojitokeza ni kama asilimia 60, idadi ndogo sana, tangu 2001 haikuwa imeshuka hivyo. Na hapa kwetu Manchester kuna eneo bunge la Rusholme, pale ni kama asilimia 40 tu. Wengine watakwambia pale ni wanafunzi na wapangaji wa kuhamahama, sawa, hiyo ni kweli, lakini mimi nasema sababu kubwa ni kwamba kila mtu anajua Labour itachukua hata isimamishe nani. Ukipigia chama kingine kura yako inaishia palepale, haihesabiwi kokote tena, na ukiipigia Labour unaongeza tu juu ya rundo ambalo tayari limeshinda, sasa mtu atoke zamu ya saa kumi na mbili akapange laini ya nini? Huo si uvivu bana, ni hesabu.

Na hesabu yenyewe ni hivi. Wako wabunge 650, kila eneo mwenye kura nyingi anachukua, hata akiwa na asilimia 30, hakuna raundi ya pili. Labour 2024 walipata asilimia 33.7 ya kura na viti 411. Halafu sikia hii, kura zenyewe ni kama milioni 9.7, na 2019 Corbyn, kiongozi wao wa wakati huo, alipata milioni 10 na kitu, viti 202, wakasema amegaragazwa! Yaani kura zimepungua na viti vimezidi mara mbili, kwa sababu safari hii upande wa pili uligawana, Conservative huku na Reform kule. Reform nao walipata kura zaidi ya milioni 4, viti 5. Lib Dem walikuwa na kura chache kuliko Reform wakatoka na viti 72, maana wao walijazana kwenye maeneo machache wanayoyaweza na kwingine hawakujisumbua. Huko Hendon, London, mbunge alipita kwa kura 15. Kumi na tano! Hiyo ni familia moja ya kwetu Kisauni ikiamka vizuri.

Nyumbani kura ya rais ni tofauti, kura ya Lamu na ya Turkana zinaingia kapu moja, na lazima ufike nusu na moja pamoja na asilimia 25 kwenye kaunti 24 au zaidi, ndiyo maana 2022 Ruto na 50.49 yake watu walikuwa wanahesabu mpaka desimali. Lakini tusijidanganye, magavana na wabunge wetu tunawachagua kwa mtindo huuhuu wa Mwingereza, na kwenye ngome za vyama uchaguzi wenyewe unaisha kwenye mchujo. Baada ya hapo ni piga suti tu, chama kimoja juu mpaka chini.

Huku walishaulizwa mwaka 2011 kama wanataka mpiga kura awapange wagombea kwa namba, 1, 2, 3, asilimia 68 wakakataa, na waliojitokeza walikuwa asilimia 42 tu. Na sasa Labour iliyopata viti 411 kwa kura zile, ukaiambie ibadilishe mfumo, itakuelewa? Wales ndio wamethubutu, kuanzia uchaguzi wa Mei 2026 bunge lao la Cardiff kila eneo linatoa wabunge sita, na vyama vinagawana viti kulingana na kura. Binamu yangu yuko Swansea, nikampigia simu nimhimize ajiandikishe, akasema ameshajiandikisha kitambo, shida yake ni bosi ampe ofu siku hiyo.