Mchanga kwenye meno ya Padre

Kru, kru, kru. Binti yangu kakaa barazani, bakuli la mabaki ya hostia, ule mkate mwembamba wa misa, mapajani, anatafuna kama mtu aliyepewa bisi. Masista huwagawia watoto wa mafundisho kila wakimaliza kukata: yale mapande ya pembeni, yenye matundu ya duara mahali hostia zilipotolewa. Ana miaka tisa, Komunyo ya kwanza ni mwezi ujao, na siku hizi hakuna kinachopita bila swali.

"Baba, hizi ni Yesu?"

"Hapana. Ni unga na maji."

"Na zile za Jumapili?"

"Zile ni Yesu."

"Si anazitengeneza sista yuleyule?"

"Yuleyule."

"Kwa unga uleule?"

"Uleule, mama."

Akatafuna kidogo, akafikiri. "Sasa Yesu anaingia saa ngapi?"

Jibu lipo na nilimpa: kwenye mageuzo, pale mkate na divai vinapogeuka, padre anaposema juu ya mkate "Huu ndio mwili wangu", kisha juu ya kikombe maneno ya damu. Lakini nilijibu nusunusu, maana sikio langu lilikuwa limeshatoka pale barazani. Mlio ule wa kitu kinachosagika menoni naujua. Niliusikia Alhamisi Kuu ya mwaka 1994, na mdomo uliokuwa ukisaga ulikuwa karibu nami kiasi cha kuunyooshea mkono.

Niseme kwanza habari ya hostia yenyewe, la sivyo kosa langu halitaeleweka.

Ni unga wa ngano na maji, basi. Chumvi hapana, sukari hapana, hamira hapana, mafuta hapana. Kanuni ya 924 ya sheria za Kanisa inataka mkate wa ngano tupu uliotengenezwa karibuni, na divai ya asili ya zabibu isiyoharibika. Ndiyo maana huku kwetu, penye mihogo na minazi na mpunga, mkate wa altareni haujawahi kutoka shambani kwetu. Mapadre wa shirika la Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868 ngano ilibidi itoke mbali, na leo bado inatoka mbali. Padre Jean-Marc Ela wa Kameruni aliuliza kwa nini Mwafrika asiyelima ngano asiadhimishe kwa mtama anaoulima. Swali zuri, na Roma haijabadili kanuni. Mimi mwenyewe nikila muhogo wa nazi hulikumbuka, kisha nalisahau.

Uji wake ni mwepesi kuliko wa chapati za maji. Unaumimina juu ya chuma cha moto chenye vibao viwili, unafunika cha juu, mvuke unapiga kelele, na baada ya muda mfupi unabandua karatasi nyeupe, ngumu, yenye alama za misalaba. Ukiikata hapohapo inapasuka. Kwenye hewa kavu lazima uiache kwanza penye unyevu mpaka ilegee kidogo, ndipo ukate viduara vya kama sentimita tatu. Bagamoyo hatua hiyo bahari inakufanyia bure, ila haijui kuacha.

Hapo ndipo penye taabu. Hostia iliyokatwa Jumatatu ikawekwa kwenye kopo lisilofunga vizuri, tena masika yameshaingia, ikifika Alhamisi imenyonya unyevu, kingo zimejikunja, na zimeshikana mbilimbili, tatutatu. Msakristia wetu, mtunza vyombo vya misa, alikuwa na dawa yake: kijifuko cha kitambaa chenye mchele mkavu, ndani ya kopo, kama tunavyotia punje za mchele kwenye kichupa cha chumvi. Wiki Kuu ile aliumwa. Aliyeshika zamu yake ni mimi, mtumikiaji wa miaka kumi na tatu niliyejua kila kitu. Mchele niliusahau.

Na Alhamisi Kuu ndiyo siku ya kuhitaji hostia nyingi, kwa sababu Ijumaa Kuu hakuna misa. Siku ya kufa Bwana hakuna mageuzo popote. Watu wanakomunika zilizogeuzwa jana yake. Kwa hiyo unahesabu mara mbili. Hatukuhesabu moja moja. Rundo la mia ni kama nusu shubiri, unapima kwa kiganja na kwenda. Nilipima, nikajaza siborio tatu, vile vikombe vya mfuniko vya kuwekea hostia, na vidole vyangu viliusikia ulaini ule. Nikanyamaza.

Misa yenyewe siikumbuki sana. Watu kumi na wawili wakaoshwa miguu, kanisa likajaa mpaka nje, mvua ikanyesha kidogo ikakata. Wakati wa Komunyo padre mzee akatoka nje kuwakomunisha waliokaa uani, chini ya mwarobaini, nami nikamfuata na patena mkononi, kisahani cha kukingia chembe. Kuna karabai moja inaning'inia tawini, inanguruma.

Kazi ya patena ni ndogo na inaharibika kwa urahisi. Unaishika sawasawa, isiinamie upande wowote, kama upana wa kiganja chini ya kidevu cha anayekomunika. Unapohamia kwa mwingine hauipungi wala kuishusha, maana chembe zilizoanguka kabla ya huyu bado ziko juu yake; mwishoni padre atazipangusia kwenye kalisi, kikombe cha divai, na kuzinywa na maji. Na jicho lako linafuata mkono wa padre. Halifuati uso wa mtu. Ukifuata uso, mkono ukifika wewe hupo.

Mimi niliufuata uso. Aliyekuwa mbele yetu ni mwenzangu wa darasani, kafumba macho, katoa ulimi wote nje kama mjusi kafiri. Nikacheka. Sikucheka kwa sauti, ila bega lilitikisika na patena ikatikisika nalo.

Padre alikuwa ameinua mbili zilizoshikana. Akazisugua kwa kidole gumba ili zitengane, ya chini ikateleza. Iligonga ukingo wa patena, *ting*, sauti ndogo kabisa, ikaruka upande wa pili. Mchanga ulikuwa umelowa na mvua. Hostia haikulala, ilichoma ikasimama wima kwenye mchanga kama sarafu iliyosimamishwa na mtoto, nusu ndani, nusu nje, na mwanga wa karabai unapita kati yake hadi ukaiona nyembamba, ya rangi ya maziwa. Ulimi wa mwenzangu bado uko nje. Nyuma yake foleni ikasimama. Mtu mmoja alivuta pumzi na sote tukaisikia.

Padre akairudisha ile nyingine ndani ya siborio, akanipa siborio niishike, jambo ambalo halikuwa kazi yangu, akapiga magoti. Magoti yote mawili, kwa tabu. Alikuwa mtu mzima sana. Akaichomoa kwa vidole viwili, polepole. Ilikuwa imeshaanza kulainika chini, ikaacha ukingo kidogo mchangani, naye akauchota ule ukingo pamoja na punje zake. Nikadhani ataipangusa, ataipuliza au ataiweka kwenye patena tumalizane nayo baadaye, maana hivyo pia inaruhusiwa. Akaitia mdomoni hivyohivyo na mchanga wake, akafunga mdomo.

Kru.

Akatafuna. Sisi tuliofundishwa na katekista kwamba hostia inaachwa ilainike ulimini, tulimsikia padre akitafuna. Kru, kru, mchanga wa Bagamoyo chini ya magego ya mzee, hakukunja uso, hakufanya haraka. Akameza. Akatoa kitambaa cheupe cha kupangusia kalisi akakitandika juu ya mahali pale, akashika bega langu kuinuka, akachukua siborio yake. "Mwili wa Kristo." Mwenzangu akasema "Amina" kwa sauti ya mtu aliyekaribia kulia.

Baada ya maandamano ya kuhamisha hostia zilizobaki, altare ikiwa imeshavuliwa vitambaa na tabernakulo, kisanduku cha kuzihifadhia, kuachwa wazi na tupu kama desturi ya usiku ule, alirudi uani na bakuli na jagi. Akachota mchanga wa pale kitambaa kilipolala, kama viganja viwili, akautia bakulini, akamimina maji. Tukasubiri. Nikamuuliza tunasubiri nini. Akasema, iyeyuke. Fundisho ni kwamba Kristo yumo maadamu umbo la mkate lipo. Likiyeyuka kabisa hata kusiwe tena kitu unachoweza kukiita mkate, ishara haipo, na kilichobaki ni maji na mchanga. Ndiyo maana hauzikwi mkate mzima wala hautupwi. Makanisa mengine yana beseni sakristia, kwenye chumba cha kuvalia padre, bomba lake linashuka moja kwa moja ardhini badala ya kwenda kwenye maji machafu. Letu halikuwa nalo. Alichimba kwa jembe la mkono chini ya mwarobaini, pembeni asipokanyaga mtu, akamwaga, akafukia.

Nilikuwa nangojea kukaripiwa. Aliponikabidhi jembe alisema neno moja: "Mchele."

Kumbe alijua tangu alipofunua siborio.

Kesho yake alfajiri nilikwenda kununua vitumbua. Bibi aliyekuwa akiuza ng'ambo ya ua wetu alikuwa ameona yote, maana usiku ule alikuwa amekaa kibarazani kwake akipunga hewa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, padre wenu jana kala nini pale chini?"

Nikamwambia ni mwili wa Yesu. Hata mimi nilivyojisikia nikilitamka neno hilo mbele ya karai la mafuta, nililiona zito. Akageuza kitumbua, akageuza cha pili.

"Sisi tunasema Nabii Isa hawakumuua wala hawakumsulubu. Hayo ni yenu," akasema. "Lakini mkate ukianguka na sisi tunauokota. Unaupuliza, unauweka juu ya ukuta, ndege ale. Riziki haikanyagwi." Akanifungia vitumbua vitano kwenye gazeti. Vya bei ya vinne.

Sijui kama alikuwa anakubali alichokifanya padre au ananionyesha jinsi kilivyo tofauti na chao. Nimekuwa nikiligeuza hilo miaka yote hii kama alivyogeuza vitumbua vyake.

"Baba!" Binti yangu alikuwa anangoja. "Nimeuliza, kwa hiyo padre anamuua Yesu kila Jumapili?"

Sikuwa nimelisikia hilo swali la pili. Ni gumu kuliko la kwanza, na watu wazima wengi wa jumuiya yetu wanalo kichwani hawalisemi. Waraka kwa Waebrania unasema alijitoa mara moja tu. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1562 ulisema misa ni sadaka ileile ya msalabani, ila bila kumwaga damu. Haiongezi kifo kingine juu ya kile. Hayo ni maneno makubwa kwa mtu mwenye bakuli la mabaki. Nikamwambia aangalie mikono. Padre anabariki mkate peke yake, kisha kikombe peke yake: mwili huku, damu kule, na damu ikiwa nje ya mwili hapo unaona kifo. Halafu kwenye "Mwanakondoo wa Mungu" anaimega ile hostia kubwa. Halafu kipande kidogo, ambacho watu wa viti vya nyuma hawakioni kamwe, anakidondosha ndani ya kikombe. Mwili na damu vinakutana tena. Wa kale walisema huo ndio ufufuko. Kifo chote na Pasaka yake vinapita kwenye vidole vya mtu mmoja kwa dakika chache, na Paulo anawaambia Wakorintho kwamba kila mwulapo mkate huu na kukinywea kikombe hiki "mwaitangaza mauti ya Bwana hata ajapo". Kutangaza, nikamwambia. Hapo hauawi mtu.

"Kutangaza kama redio?"

"Si kama redio."

Mama yake akacheka huko ndani. Yeye kakulia Ulutheri wa milimani Lushoto, na kwao Chakula cha Bwana ni mkate ambao umebaki mkate, na Kristo yumo kweli ndani yake, pamoja nao na chini yake. "Mwambie na ya kwetu," akasema. "Mwambie Luther alivyochukua chaki akaandika mezani 'Huu ni mwili wangu', Zwingli asimzungushe." Hiyo ilikuwa Marburg, Ujerumani, mwaka 1529, Zwingli wa Uswisi akishikilia kwamba mkate ni ishara tu, na hawakupatana. Ndani ya nyumba yetu tumepatana kwa kutolijadili Jumapili asubuhi kabla ya chai.

Kama kuna nilichoelewa siku ile uani, sikipati kwa maneno ya Trento wala ya chaki. Nilimwona mtu anaamini kwa magego. Angeweza kuipuliza. Pengine angeipuliza isingekuwa kosa, na pengine mchanga ule haukuwa na maana yoyote zaidi ya kwamba macho yake yalikuwa mabovu na hakuuona. Nimewahi kulifikiria hilo pia.

Binti amemaliza bakuli. Mkeka umejaa chembe nyeupe, kuku wameshaanza kusogea. Nikamwambia aukung'ute, kuku wale. Hakuukung'uta. Analowesha ncha ya kidole kwa ulimi, anabandika juu ya chembe, anaila. Analowesha tena, ya pili. Ya tatu imeingia kati ya ukindu na ukindu, anaikwangua kwa ukucha.

"Si nimekwambia hizo si Yesu?"

"Najua," akasema, bila kuinua kichwa. "Nafanya mazoezi."