Kumbukumbu ya mazoezi ya skii (kuteleza kwenye theluji): goti la kushoto limetii!

Leo kwenye zoezi la kushuka stepu kwa mguu mmoja goti halijaingia ndani!! Nimejirekodi kwa simu kutoka mbele, video nimeirudia polepole mara kibao, na goti la kushoto limeshuka likiwa juu ya kidole cha pili cha mguu mpaka chini kabisa, tena na dambeli mkononi. Nina furaha jamani.

Kwa mliojiunga karibuni, tatizo ni hili: nikikata kona ya kulia, ski (ubao wa kutelezea) ya kushoto ndo ya nje, ndo inabeba sehemu kubwa ya mzigo, na hapohapo goti linaanguka ndani, miguu inakaa kama herufi A, makali ya ski yanaachia theluji naanza kwenda ubavu. Na goti kuingia ndani huku mguu unajizungusha ndo njia mojawapo kubwa ya kuchana ligamenti ya mbele ya goti (ukano unaoshikilia mifupa ya goti), so hapa sio suala la staili tu.

Kilichoniudhi ni kwamba nguvu ilikua inapanda kweli. Skwati (kuchuchumaa na kuinuka) za miguu miwili uzito unaongezeka, kukaa ukutani, yaani mgongo ukutani magoti yamekunjwa kama niko kwenye kiti, nakaa mpaka mapaja yanawaka moto, goti lipo vilevile. Sa hivi naelewa, kwenye skwati ya miguu miwili mguu wenye nguvu unamfichia mwenzake, na ukutani msuli umeganda sehemu moja wakati mlimani paja linafanya kazi huku linarefuka, linazuia mwili kona baada ya kona, ndo maana siku ya pili hata kushuka ngazi ni mateso.

Video ndo imetoa jibu. Kabla goti halijaingia, nyonga ya upande wa pili inadondoka kwanza! Yaani goti lilikua linasingiziwa, tatizo liko kwenye msuli wa pembeni ya kalio, ule unaoshika kiuno kikae sawa ukisimama mguu mmoja.

Basi nikahamia kwenye kushuka stepu ya sentimita 20 kwa mguu mmoja, sekunde nne kwenda chini, kisigino cha mguu wa pili kinagusa sakafu bila kuegemea. Dambeli mkono wa kulia, upande wa mguu unaoning'inia, maana inavuta nyonga idondoke na ule msuli unalazimika kubisha. Alafu mkanda wa raba umefungwa pembeni, unavuta goti LIINGIE ndani, mwili wenyewe unajifunza kusukuma nje bila kuwaza. Huu mkanda ndo umemaliza kazi.

Kuhusu mikanda, ile midogo ya mapajani chukua ya kitambaa, ya raba tupu inajikunja na kupanda. Na ile nusu mpira ya kusimamia siipendi kwa kujenga nguvu, uzito mkubwa huwezi kubeba pale, stepu ngumu inatosha kabisa.

Mwezi huu ilikua zamu ya kuruka boksi ila nimeiweka pembeni, nimepata viatu vya magurudumu yaliyopangwa mstari mmoja na siwezi kuviacha, kona ya kulia ni mguu wa nje uleule, mzigo uleule, na goti likilegea unaliona papo hapo. Pedi na helmeti lazima. Nikizoea breki ya kisigino naanza kuweka koni kwenye mteremko mdogo, video nitaweka hapa.