Siku moja kazini: harusi ya majini, bendi ya watu sita na lita mbili za damu

Filamu ni ya dakika 12, ya kutisha na kuchekesha kwa pamoja. Bendi ya harusi imekodiwa kupiga kwenye ukumbi wa pembezoni mwa Dar es Salaam, na katikati ya shughuli inagundua kuwa wageni ni majini wenye kwato. Waigizaji ni wanamuziki wenyewe, na uzoefu wao wa kamera ni video za nyimbo tu. Tuna siku mbili za kupiga picha. Hii ni ya kwanza, ikionekana kutoka kwenye meza ya msaidizi wa mwongozaji.

Saa 1:00 asubuhi

Damu inapikwa kwanza kwa sababu lazima ipoe. Sukari kilo 2, maji lita 1, moto mdogo mpaka chembe zote ziyeyuke. Unapata lita 2 na ushee. Rangi nyekundu ya chakula ikiwa peke yake, kamera inaiona kama sharubati. Ongeza vijiko 2 vya chai vya kakao, uikoroge kwanza pembeni kwa maji ya moto maana ikimwagwa kavu inafanya madonge, halafu tone moja la rangi ya buluu. Gawanya chupa mbili. Ya nguoni inatiwa sabuni ya maji, kijiko 1 cha chakula kwa kila nusu lita, ili kanzu ifulike. Ya mdomoni haitiwi. Andika kwa maka peni juu ya kila chupa, la sivyo mwimbaji atatoa povu, na povu halimo kwenye skripti.

Saa 2:30

Ukumbini. Kibali cha Bodi ya Filamu kiko kwenye faili pamoja na barua ya serikali ya mtaa, lakini kinachookoa kazi hasa ni kumpitia mjumbe na majirani wa pande zote nne. Mayowe ya saa 3 usiku bila taarifa huleta watu wenye fimbo.

Madirisha yanazibwa kwa turubai jeusi ili sini (vipande vya filamu) za usiku zipigwe mchana. Paa ni la bati, feni haziruhusiwi kwa sababu ya sauti, kwa hiyo kila dakika 40 milango inafunguliwa. Umeme wetu ni wa hezi 50: kamera inawekwa fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, 1/50 ya sekunde, vinginevyo taa za ukumbi zinapepesa kwenye picha na kulifuta hilo baadaye kwa programu ni kazi ngumu. Jenereta inakaa nyuma ya ukuta, mita 30, na waya mrefu.

Saa 4:00

Kwato ziko jozi mbili tu. Wageni wengine wamevaa mabaibui na makanzu yanayofagia sakafu, na mtazamaji akishaona jozi moja, zilizobaki anazichonga mwenyewe kichwani. Zetu ni viatu vya kawaida vilivyofunikwa sponji ya godoro ya inchi 1 kwa gundi ya fundi viatu, mbele pamepasuliwa kwa wembe. Sponji hunywa rangi, hivyo inapakwa gundi nyeupe ya mbao mara tatu, kila tabaka likauke, ndipo rangi nyeusi, na juu yake dawa ya viatu ing'ae. Mlio wake ni vifuu viwili vya nazi juu ya kigae, utarekodiwa baadaye.

Usoni usimpake jini unga. Kwenye ngozi nyeusi unga unaleta mpauko, na kwa joto hili unageuka uji ndani ya nusu saa. Tia giza kwenye matundu ya macho, paka mafuta kidogo kwenye mifupa ya mashavu, kisha weka taa ubavuni: mng'ao ndio unaochora fuvu. Majeraha ya jelatini yanapendeza kwenye mafunzo ya mtandaoni, ila jasho la Dar huyalainisha. Pamba na gundi ya kope hudumu zaidi. Gundi hiyo ijaribiwe kwenye mkono wa kila mtu siku moja kabla, wapo inaowawasha.

Saa 5:30

Bendi inaingia. Jana walipiga hadi saa 9 usiku, kwa hiyo kuwaita alfajiri kungekuwa kujidanganya.

Mwanamuziki ana mazoea matatu ya kushughulikiwa mapema. Anaitazama kamera, kwa sababu video za nyimbo zimemfundisha hivyo. Bandika kipande cha tepu nyekundu ukutani umpe cha kutazama. Kila teki, yaani kila sini inaporudiwa kupigwa, anaongeza mbwembwe mpya, na mbwembwe zisizofanana haziungi kwenye uhariri. Mtu mmoja wa mwendelezo, anayehakikisha teki zinafanana, anapiga picha kwa simu kila teki inapoisha. La tatu ni kupaza hisia mpaka mtu wa nyuma kabisa ukumbini azione, wakati lenzi iko mita moja.

Faida yake ni kubwa kuliko hayo yote: anajua kuhesabu. Ukimwambia mwigizaji mchanga "shtuka kidogo kidogo", anapotea. Mwambie mpiga besi "kaa kimya vipimo viwili, ingia kwenye pigo la tatu", anaingia hapo hapo, teki kumi mfululizo.

Saa 7:00 mchana

Sini ya kutunzwa, moyo wa filamu. Mwimbaji anatunzwa, noti inaanguka, anainama kuiokota, anaiona kwato. Anasimama wima. Noti nyingine inakuja. Anaendelea kuimba.

Kicheko chote kimo kwenye muda kati ya kuona na kuendelea. Wimbo ni wa mapigo 100 kwa dakika, hivyo kipimo kimoja cha mapigo manne ni sekunde 2.4. Kipimo kimoja cha ukimya hakitoshi, mtazamaji hajamaliza kuogopa. Vitatu vimezidi, ameshaanza kujiuliza kama mtu amesahau maneno. Tunapiga viwili, halafu mwimbaji anaingia kwa sauti ya nusu toni juu ya alipoachia. Hakuna mwigizaji wa kawaida angeweza hilo.

Sauti inataka ujanja. Bendi ikipiga kweli, mazungumzo hayasikiki na vipande haviungi. Wimbo unapigwa kwenye spika kwa sekunde 10 ili kila mwili ushike mwendo, unazimwa, na wote wanaendelea kupiga hewa: nyuzi zimefungwa kitambaa, ngoma zimefunikwa kanga. Wimbo uwe mpya kabisa. Hata mwenye wimbo mwenyewe, akitumia rekodi iliyokwisha kusambazwa, YouTube inaweza kumwekea dai la hakimiliki.

Noti ni za kweli, thelathini za 1,000, kwa sababu kutoa nakala ya noti ni kosa la jinai. Zinahesabiwa kila teki. Leo zimetoka 30 zimerudi 30, lakini teki ya nne ilisimama dakika sita tukitafuta moja iliyojificha ndani ya ngoma ya tumba.

Saa 9:30

Wali maharage. Adhana ya alasiri imo kwenye ratiba: muda huo hupigwa picha zisizo na sauti, mikono na miguu.

Saa 12:15 jioni

Sini ya bendi ikifika ukumbini, nje, anga la buluu. Huku kwetu magharibi haingoji mtu. Una kama dakika 20, yaani teki tatu au nne. Mazoezi yote yawe yamefanyika jua likiwa bado liko.

Saa 2:00 usiku

Damu. Taa moja ya LED juu nyuma ndiyo mwezi. Mpiga kinanda anang'atwa huku akishikilia kodi, yaani sauti kadhaa zinazobonyezwa kwa pamoja, na kodi inabadilika kila anapong'atwa. Kanzu tatu, maana yake teki tatu, basi. Kinanda kimefungwa nailoni ya jikoni. Sisimizi wanaifuata sukari kabla ya teki ya pili, kwa hiyo kuna ndoo na kitambaa karibu.

Saa 5:00 usiku

Sekunde 60 za ukimya wa ukumbi zinarekodiwa ili mhariri azibie mapengo ya sauti. Zinachukua majaribio manne. Kuna vidole vinavyogonga paja. Kadi za kamera zinanakiliwa kwenye diski mbili, nazo zinaondoka kwa magari mawili tofauti. Kanzu zote tatu zina damu, kesho kuna sini mbili zake, kwa hiyo beseni liko nje na zinalowekwa sasa, kabla sukari haijakauka.