Gego lililouma kila nilipoachia kutafuna

Jino lililotoboka huuma kwa namna inayoeleweka. Huanza na ganzi ukila kitu kitamu, baadaye linagonga usiku kucha, na ukipitisha ulimi unalikuta shimo. Langu halikuwa hivyo. Lilikuwa linakaa kimya kutwa, halafu natafuna korosho au kipande kigumu cha muhogo, na pale meno yanapoachana, si yanapokutana, kinapita kichomi kikali. Mara moja tu, kimekwisha. Nabaki nimeshika shavu na sina cha kumwonyesha mtu.

Panadol haisaidii maumivu ya aina hii. Hadi kidonge kiyeyuke tumboni, maumivu yenyewe yameshaondoka, yatarudi kwenye tonge lijalo. Nilichokifanya ni kuandika, maana mimi ni mwalimu na daftari ndiyo kazi yangu. Ukurasa mmoja, upande huu chakula, upande ule kilichotokea. Wali na ndizi, hakuna kitu. Chai ya moto, hakuna kitu. Maji ya friji, ganzi upande wa kushoto kwa kitambo kidogo. Korosho, karibu kila mara. Maharage laini hayakuuma, ila siku nilipokutana na kijiwe ndani ya maharage niliinuka mezani. Na kilichonishangaza zaidi ni kwamba sikuweza kusema ni jino gani. Kushoto, ndiyo. Juu au chini? Siku nyingine ningeapa ni la juu.

Shangazi yangu hapa Tanga alikuwa na tiba yake tayari.

"Ling'oe, mwanangu, upumzike."

"Lipi, shangazi?"

"Hilo linalouma!"

Nikapaka mafuta ya karafuu, kama tunavyofanya wote pwani. Karafuu si uongo: ile dawa iliyomo ndani yake, eujenoli, madaktari wa meno wenyewe huichanganya na oksaidi ya zinki kutengeneza dawa ya kuzibia ya muda. Lakini mafuta yenyewe yakikaa juu ya ufizi yanachoma, na kichomi changu hayakukigusa, kwa sababu hayafiki kinakotokea.

Kliniki ya kwanza walinipiga eksirei. Picha ikatoka safi, meno mazima, nikapewa antibayotiki na dawa ya kusukutua. Nilimeza dozi yote, na daftari likabaki vilevile. Sasa najua kwa nini: gego langu lilikuwa na ufa. Antibayotiki hupigana na wadudu, haina la kufanya pale ambapo hakuna maambukizi. Na picha kuwa safi haimaanishi jino ni zima. Nyufa nyingi za magego hukimbia kutoka mbele ya jino kwenda nyuma, ilhali eksirei hupigwa kutoka upande wa shavu kwenda ulimini. Mwale unaukatiza ufa mahali ambapo ni mwembamba kuliko unywele, na picha haioni tofauti yoyote.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenielekeza kwa daktari mwingine, mama wa makamo asiye na haraka. Nikampa daftari. Akalisoma, akavua miwani.

"Mwalimu, inauma unapong'ata, au unapoachia?"

"Ninapoachia, daktari."

"Basi tusilikimbilie la kung'oa. Tulitafute kwanza."

Akanieleza kwamba ukiling'ata gego lenye ufa, pande zake mbili zinafunguka kidogo sana. Ukiachia, zinarudi kwa ghafla. Ndani ya jino, chini ya ile ngozi nyeupe ngumu, kuna vijitundu vingi mno vyenye majimaji, na majimaji hayo yakisukumwa kwa ghafla mshipa wa fahamu unashtuka. Ndiyo maana kichomi ni kikali na kifupi. Kuhusu kutojua ni jino gani, alisema mshipa ulio ndani ya jino unajua maumivu lakini haujui vizuri mahali. Hisia za mahali hutoka kwenye nyama zinazouzunguka mzizi. Tatizo likiwa bado ndani, mgonjwa huonyesha upande tu.

Upimaji wenyewe ulinifurahisha, nakiri, pengine kwa sababu somo langu ni sayansi. Kwanza aligonga meno kwa mpini wa kifaa chake, moja baada ya jingine, hakuna lililolalamika. Kisha akachukua kijiti cha plastiki chenye kishimo kidogo upande mmoja, akakiweka juu ya kilele kimoja cha gego. "Ng'ata. Achia." Kila gego lina vilele kadhaa, na alikipima kila kimoja peke yake, juu na chini. Tulipofika kilele cha nyuma, upande wa ulimi, cha gego la kwanza la chini, niliruka kwenye kiti. Hakuwa na haja ya kuniuliza.

Gego hilo ndilo linaloota mtoto akifika miaka 6 hivi, kwa hiyo linafanya kazi muda mrefu kuliko magego mengine yote ya ukubwani. Langu lilikuwa na kizibo kikubwa cha rangi ya fedha, ule mchanganyiko wa zebaki na madini, tangu nikiwa mwanafunzi. Kizibo kikubwa huacha kuta za jino nyembamba, na kuta nyembamba ndizo zinazopasuka.

Akazima taa kubwa, akaweka mwanga mkali mdogo ubavuni mwa jino. Jino zima hupitisha mwanga hadi upande wa pili. Langu liling'aa nusu, nusu nyingine ikabaki giza, mpaka ukiwa mstari ulionyooka. Alinipa kioo nikauona mwenyewe.

Vipimo viwili vilivyofuata ndivyo vilivyoamua hatima yake. Alipitisha kijiti chembamba kati ya ufizi na jino, kuzunguka lote. Kama kingezama sana mahali pamoja pembamba, ingekuwa dalili kwamba ufa umeshuka kwenye mzizi, na hapo mara nyingi jino haliokoki. Hakikuzama. Halafu akagusisha pamba yenye baridi kali: ganzi ikaja, ikaondoka baada ya sekunde chache. Hiyo ni habari njema. Ganzi inayokawia kuondoka, jino linalouma kwa chai ya moto, au linalogonga lenyewe usiku bila kuguswa, ni dalili kwamba nyama ya ndani inakufa, na huko ndiko kwenye matibabu ya mzizi, yaani kuitoa nyama hiyo na kuziba nafasi yake, kabla ya jambo lingine lolote. Na jino lililogawanyika kabisa, vipande viwili vikicheza kila kimoja kivyake, hung'olewa. Kwa hiyo mtu anayesoma hapa huku daftari lake likianza kuonyesha usiku na chai ya moto, asingoje mwisho wa mwezi.

Siku ya matibabu nilichomwa sindano ya ganzi, kizibo cha zamani kikatolewa. Chini yake mstari ulionekana, wa kahawia, ukivuka sakafu ya jino. Sikuvalishwa kofia, yaani kifuniko kigumu kinachovikwa jino zima, siku hiyo. Aliziba kwa muda, akapunguza kimo cha jino kidogo lisikutane kwa nguvu na la juu, akalizungushia pete ya chuma iliyogandishwa kwa saruji ya meno, kama zile wanazovalishwa watoto wanaonyooshwa meno kwa nyaya. Pete inazishika pande mbili zisifunguke. Kichomi kikiondoka, tumelipata jino lenyewe na nyama ya ndani inatulia. Kikizidi, tunaingia kwenye mzizi. Nilikaa nayo wiki kadhaa, ulimi ukiichokonoa muda wote. Kichomi kiliondoka.

Ndipo ikaja kofia. Jino linachongwa kuzunguka, alama ya meno inachukuliwa, unavaa kofia ya muda hadi ya kudumu itoke maabara. Nilichagua ya chuma kitupu kwa sababu gego halionekani nikicheka na chuma hakihitaji jino lichongwe sana kama kofia ya rangi ya meno. Fedha ilikuwa nyingi, hilo sitalificha. Kung'oa kungenigharimu sehemu ndogo tu ya ile. Nililipa kwa awamu. Shangazi alipoona risiti alinyamaza, jambo lisilotokea mara kwa mara. Hesabu yangu ilikuwa kwamba gego lililong'olewa huacha pengo, na meno ya jirani hulalia pengo hilo polepole, na kulijaza tena ni ghali kuliko kofia.

Daktari alinionya nisidhani nimepona. Mfupa wa mguu ukivunjika huunga, jino haliungi. Kofia inaushika ufa usitanuke, lakini baadhi ya meno haya huhitaji matibabu ya mzizi baadaye, hata chini ya kofia nzuri, kwa hiyo narudi kupimwa anaponipangia.

Pia aliuliza kama nasaga meno usingizini. Nikasema sijui. Mume wangu, aliyekuwa amekaa pembeni, akasema yeye anajua, hasa msimu wa kusahihisha mitihani. Sasa nalala na kinga ya plastiki iliyochongwa kwa umbo la meno yangu. Barafu sitafuni, mifupa namwachia paka, na mbegu za ubuyu nafyonza na kutema. Gego la upande wa kulia lina kizibo cha zamani kama kile kile. Limemulikwa, lina vistari vya juujuu tu, haliumi, na tumekubaliana lisiguswe kwa sasa.